ADHD kwa watoto na watu wazima: maswali mnayouliza sana huku Kusini

Nafundisha shule ya msingi hapa Mtwara, na kila nikigusia hili jambo kwenye kikao cha wazazi, kikao kikiisha watu wananifata mmoja mmoja pembeni, maswali yaleyale. Basi nimeyaweka hapa yote. Mi sio daktari, kwa hiyo usitafute dozi ya dawa humu ndani.

Kwani ADHD ni kitu gani hasa?

Ni hali ya ubongo ambayo mtu anakua nayo toka utotoni, na inagusa mambo matatu: kushika umakini, kutuliza mwili, na kujizuia kabla hujasema au hujatenda. Sio kila mtu anapata yote matatu. Kuna wanaozubaa tu, yuko kimya darasani lakini akili iko ufukweni Msimbati inaogelea, kuna wanaorukaruka na kuropoka, na kuna wenye mchanganyiko. Akili anayo kabisa, wengine wanayo nyingi kuliko wewe na mimi. Shida ni kwamba kila kitu kinaingia kwa nguvu ileile, sauti ya mwalimu, bodaboda inayopita nje, inzi dirishani, kama redio za huku mpakani usiku zinavyoshika stesheni ya Msumbiji na ya Dar kwa pamoja.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2007, walipiga picha za ubongo wa watoto miaka na miaka, wakakuta sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kupanga na kujizuia, kwa watoto wenye ADHD inachelewa kukomaa kwa kama miaka 3 hivi. Mi hiyo peke yake ilinibadilisha namna ya kuwatazama. Una mtoto wa miaka 10, unamdai ajipange kama wa miaka 10, kumbe kwenye kujizuia bado yuko saba.

Mbona watoto wote ni watundu? Nitajuaje huyu wangu ni ADHD na sio utundu tu?

Swali zuri na ndo linaloulizwa kuliko yote. Utundu una mahali na una wakati. Mtoto mtundu akiona baba kaingia anatulia, akipewa kitu anachokitaka baada ya kazi anamaliza kazi. Huyu mwingine hata akitaka mwenyewe inamshinda, unaona kabisa anajitahidi afu dakika mbili kapotea.

Madaktari wanaangalia vitu kama hivi: dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla hajafika miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja (nyumbani NA shuleni, au shuleni NA madrasa), na ziwe zinamharibia maisha, masomo au urafiki. Kwa mtoto wanatafuta dalili 6 au zaidi za upande mmoja, kuzubaa au kutotulia. Kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Kwa hiyo kama mtoto anasumbua shuleni tu, nyumbani na madrasa hana neno, mi nitaanza kuuliza maswali kuhusu shule. Na kama alikuwa sawa miaka yote afu kabadilika ghafla mwezi uliopita, hapo tafuta kilichotokea mwezi uliopita, msiba, kuhamishwa kwa bibi, wazazi kuachana, au kuna mtu anamfanyia vibaya.

Kwa makadirio ya dunia, watoto wenye ADHD ni kama 5 kwa 100. Darasa la watoto 60 tegemea watatu hivi. Sio wote wanaokupigia kelele.

Huu si ugonjwa wa wazungu? Enzi zetu haukuwepo.

Ulikuwepo, ulikuwa hauna jina. Hata huko kwao jina ni la juzi tu lakini daktari mmoja wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu wasioweza kushika umakini mwaka 1798, na mwaka 1902 George Still alitoa mihadhara London kuhusu watoto wa namna hii. Kijijini kwenu unamjua pia, yule mjomba aliyefungua mashamba matatu hakumaliza kupalilia hata moja, anaongea kabla hujamaliza sentensi, kila mtu anampenda na hakuna anayemkopesha. Tulikuwa tunamcheka tu. Tofauti ni kwamba zamani mtu wa hivyo angeweza kuishi vizuri bila kukaa kwenye dawati saa sita kwa siku, leo hawezi kulikwepa.

Wazee wanasema ana jini, au karogwa.

Siwezi kukukataza dua, hata mimi naomba. Ninachokataa ni kumfukiza moshi mtoto, kumchanja, kumnyima chakula au kumfunga kamba eti kitoke. Hiyo inaumiza na ADHD inabaki palepale. Msomee dua jioni, asubuhi mpeleke hospitali, hivi vitu viwili havigombani.

Basi inatokana na nini?

Kwa sehemu kubwa ni kurithi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kama asilimia 70 mpaka 80 ya tofauti kati ya watu kwenye hili jambo inaelezwa na vinasaba. Ndo maana mara nyingi nikimuita mzazi, mzazi mwenyewe anakuja kachelewa, kasahau barua nyumbani, na katikati ya maongezi kaanza kuongelea kitu kingine, sitanii.

Vingine vinavyoongeza uwezekano ni kuzaliwa njiti au uzito mdogo sana, madini ya risasi yakiingia mwilini utotoni, na mama kuvuta sigara au kunywa pombe akiwa mjamzito. Na pombe ni pombe jamani, ulaka wa mabibo nao ni pombe, usidanganywe kwamba ni juisi ya msimu.

Malezi mabaya hayaleti ADHD. Yanaweza kuifanya iwe ngumu zaidi kubeba, lakini chanzo sio wewe mama.

Sukari je? Na soda? Na simu?

Sukari hapana. Mwaka 1995 watafiti walikusanya majaribio mengi ambayo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho sukari bila wao wala wazazi kujua kipi ni kipi, hakuna tofauti iliyoonekana kwenye tabia. Watoto wanachachamaa kwenye sherehe kwa sababu ni sherehe. Punguza soda kwa ajili ya meno. Simu nayo haijathibitika kuwa ndo chanzo, ila mtoto mwenye ADHD ananasa kwenye simu kuliko wengine na inamwibia usingizi, na akikosa usingizi kesho yake ni balaa mara mbili.

Anaangalia mpira dakika 90 hajapepesa macho. Umakini anao, si anajifanya tu?

Hajifanyi. Umakini anao, asichoweza ni kuuelekeza anapotaka. Kitu kinachosisimua, chenye jipya kila sekunde, kinauvuta chenyewe mpaka humuiti akasikia. Kitu kinachochosha, hata kiwe cha muhimu vipi, hakiuvuti. Wanasayansi wanahusisha na kemikali ya ubongo inayoitwa dopamini, inayohusika na hamu na motisha. Kwa hiyo ile hoja ya "mbona kwenye mpira anaweza" haithibitishi uvivu, ni dalili yenyewe hiyo.

Binti yangu ametulia sana, mwalimu anasema anaota tu. Anaweza kuwa nayo?

Anaweza sana. Wasichana wengi wanapata ile ya kuzubaa, hawavunji dirisha, hawapigani, kwa hiyo hakuna anayewaona. Kliniki zinajaa wavulana kwa sababu wavulana ndo wanaotuchosha. Binti anaitwa mzito, mvivu, anajituma kupita kiasi kuficha, afu anafika form two anadondoka. Kama anasahau daftari kila siku, anaanza zoezi hamalizi, unamtuma vitu viwili anarudi na kimoja, usimwache tu kwa sababu ana adabu.

Fimbo kidogo si inasaidia?

Hapa nitakaa kidogo maana nimefanya kazi na walimu wanaoamini fimbo na nawaheshimu kwa mengine yote. Wanasema "nikimchapa anatulia". Ni kweli, anatulia kwa dakika kumi, kwa sababu ya hofu. Afu angalia: Jumatatu kachapwa kwa kusahau daftari, Jumatano kachapwa kwa kusahau daftari lilelile. Kama ingekuwa dawa si angekuwa kapona?

Mtoto huyu sheria anaijua. Muulize, atakuambia yote neno kwa neno. Kinachokosekana ni kuikumbuka sekunde ile inapohitajika, na fimbo ya saa nne haiwezi kurudi nyuma kumkumbusha cha saa mbili. Inachomfundisha haraka sana ni kudanganya, kujificha na kutoroka. Wale watoto wa shule unaowakuta mikoroshoni saa tano asubuhi msimu ukianza, sio wote wamefata hela, wengine wamekimbia darasa ambalo kila siku wanaitwa mbele.

Adhabu ikiwepo iwe ndogo, iwe ya hapohapo, na isiwe ya mwili. Akimwaga maji, apige deki sasa hivi, imeisha, hakuna hotuba. Hotuba ndefu haisikii, wewe unachoka bure.

Anakaribia kwenda jando. Babu anasema huko atanyooka.

Hili naulizwa kila likizo. Jando na unyago ni mila zetu, vinamfundisha mtoto heshima na mambo ya ukubwa, lakini ADHD haiondoki huko. Anarudi anajua nyimbo zote na mafunzo yote, afu wiki ya pili kaacha mlango wazi mbuzi wameingia. Mkianza kusema "huyu hata jando halikumsaidia" mmemwongezea fedheha ambayo hakuistahili.

La muhimu zaidi ni usalama. Mvulana asiyetulia ana kidonda kibichi, ataruka, atapanda mti. Mwambie mapema anayemtunza, tena nashauri tohara ifanyike hospitali kwa mtaalamu, mafunzo yafuate baadaye. Na wanaofundisha waambiwe wampe maneno kidogo kidogo na wamrudishie, wasimkejeli mbele ya wenzie. Kwa binti anayeenda unyago vilevile, ongea na kungwi wake.

Niko Newala (au Tandahimba, Ruangwa, Liwale), nampeleka wapi?

Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, omba rufaa. Kwa Mtwara hospitali ya rufaa ya mkoa ni Ligula, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Kwa Lindi ni Sokoine. Walioko Masasi wana Ndanda, barabara ya Lindi kuna Nyangao. Ukifika ulizia huduma za afya ya akili au daktari wa watoto, usiogope hilo neno akili, hakuna atakayemfungia mwanao. Ikishindikana unaandikiwa Muhimbili, na hapo najua, Dar ni zaidi ya kilomita 500, nauli, pa kufikia, siku za kazi. Ndo maana nasema maliza kwanza yanayowezekana huku huku.

Hakuna kipimo cha damu cha ADHD wala picha ya kichwa inayoithibitisha. Mtu akikuuzia kipimo cha dakika tano anakula hela yako. Kipimo chenyewe ni maongezi marefu, kwa hiyo nenda na vitu: madaftari yake ya miaka miwili, ripoti za shule, na karatasi ya mwalimu inayoeleza anachokiona, mistari kumi inatosha. Andika mwenyewe pia, alitembea lini, aliongea lini, alizaliwaje, aliwahi degedege?

Na sisitiza wamwangalie masikio na macho kwanza. Nimeona mtoto "asiyesikiliza" ambaye alikuwa na usaha masikioni tu. Kuna kifafa cha kuzubaa, mtoto anakatika sekunde chache macho yako wazi afu anaendelea, watu wanadhani anaota. Malaria kali iliyopanda kichwani inaweza kuacha shida ya umakini, upungufu wa damu unachosha, kukoroma na kulala vibaya kunaleta mtoto asiyetulia mchana. Vyote hivyo vina matibabu tofauti.

Dawa zipo? Hazimlevyi mtoto?

Inayotumika zaidi duniani inaitwa methylphenidate, iliyotengenezwa mara ya kwanza 1944 na mkemia wa kampuni ya Ciba kule Uswisi, kwa hiyo sio ngeni. Inasaidia kama watoto 7 kati ya 10 wanaoitumia. Ile ya kawaida inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake inaisha baada ya kama masaa manne. Maudhi yake: hamu ya kula inapungua, usingizi unasumbua, mapigo ya moyo na presha vinaweza kupanda kidogo, kwa hiyo anapimwa uzito, urefu na presha kila akirudi. Kuna nyingine inaitwa atomoxetine, hiyo inachukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo.

Kulevya: ikitumika kwa kipimo cha daktari haimfanyi teja. Ikichezewa inaweza, ndo maana inadhibitiwa, na ndo maana usinunue kwa mtu anayekuletea kwenye begi. Upatikanaji ni mgumu, sitakudanganya. Mwaka 2019 na 2021 Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza methylphenidate kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likakataa mara zote mbili, na nchi nyingi hupanga orodha zao kwa kutazama hiyo. Kwa mtoto chini ya miaka 6 hata kwenye nchi zenye dawa tele wanaanza na kumfundisha mzazi, dawa baadaye.

Bila dawa nifanye nini nyumbani?

Mengi, na hii ndo sehemu ninayoipenda.

Punguza maneno. Msogelee, mguse bega, akutazame, mwambie jambo MOJA, arudie alichosikia, aende. Ukisema kwa kupaza sauti toka jikoni "kaoge uvae ulete ndoo umwite dada yako" umejiambia mwenyewe.

Kata kazi vipande na lipa haraka. Msimu wa kuokota korosho usimwonyeshe shamba zima ukamwambia "maliza". Mpe ndoo ndogo, ikijaa alete, mhesabie mbele yake, msifu, mpe tena. Mtoto aliyeitwa mvivu nimemuona akiokota kuliko kaka zake kwa mtindo huo. Sifa ya hapohapo inamfikia, zawadi ya mwisho wa mwezi iko mbali mno kwake, ni kama haipo.

Toa kumbukumbu kichwani uweke ukutani. Msumari mmoja, sare na begi vinaning'inizwa hapo usiku, kila siku, sio leo tu. Homuweki ifanyike kabla ya magharibi, dakika kumi na tano, akateke maji, arudi nyingine kumi na tano. Acha achezeshe mguu akisoma, mguu haumdhuru mtu.

Tafuta kitu anachokiweza na umpe nafasi, mpira, ngoma, kuvua, kufungua redio mbovu. Kutwa nzima anasikia makosa yake, sehemu moja asikie jina lake kwa wema.

Mimi ni mwalimu, darasa lina watoto 90, unataka nifanyeje?

Pole mwalimu, najua. Mkalishe mbele, mbali na mlango na dirisha, pembeni ya mtoto mtulivu. Mfanye mgawa madaftari na mfuta ubao ili asimame kwa halali. Mpe maswali matano badala ya kumi, akiyapata anajua. Panga naye ishara ya siri, unagonga meza yake ukipita, bila kutaja jina. Havigharimu kitu hivyo.

Itaisha akikua?

Kwa wengine dalili zinapungua sana, hasa kurukaruka. Kwa wengi kitu kinabaki, ila kinahamia ndani, mtu mzima hakimbii darasani, anakimbia kichwani. Kwa watu wazima makadirio ni kama 2 au 3 kwa 100.

Nina miaka 34 na nikisoma hapa najiona mimi. Inawezekana?

Inawezekana, na wengi wanajigundua hivyo hivyo, mtoto anapoenda kupimwa. Jiulize: unaanza vitu vingi humalizi? Unapoteza simu na funguo kila wiki? Unasoma ukurasa mzima hujui ulichosoma? Unakatiza watu? Unasahau miadi unayoipenda? Na toka utotoni ulikuwa hivyo? Muulize mama au dada mkubwa, maana ADHD haianzi ukubwani. Dalili kama hizi zikianza ukubwani fikiria stresi, sonona, tezi la shingo, pombe, kukosa usingizi.

Huku kwetu inaonekana sana kwenye hela za korosho. Mnada umepita, malipo yameingia yote kwa mkupuo, Desemba kanunua pikipiki na sabufa, kalipia harusi ya watu, Februari hana ada, kufika wakati wa kupulizia mikorosho salfa anauza korosho zijazo kwa walanguzi, ile tunaita kangomba. Wengi ni raha za msimu tu, sio kila mfujaji ana ADHD. Lakini yule anayelia kila mwaka, anayeapa kila mwaka na kurudia kila mwaka, huyo namfikiria. Asitegemee kujikaza. Siku ileile hela ikiingia lipa ada, nunua salfa kabisa iwe stoo, nyingine iende kwenye kikoba, sanduku lenye funguo tatu kwa watu watatu limetengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Kitu cha bei kubwa asubiri siku tatu kabla ya kulipa, na mke ajue.

Mengine: alamu za simu kwa kila kitu, hata kutoa chungu jikoni. Funguo mahali pamoja. Kama unaendesha bodaboda tulia zaidi ya wenzio, tafiti zinaonyesha watu wenye ADHD wanapata ajali nyingi kuliko wengine. Na kachague kazi yenye mwendo kama unaweza, soko la samaki, ufundi, mauzo, mezani utateseka.

Bangi inanituliza, naweza kuendelea?

Hapana. Inaonekana inatuliza, lakini inakula umakini na kumbukumbu, vilevile ambavyo unavyo vichache. Na ni kosa la jinai.

Kuna watu maarufu wenye hali hii?

Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, aligunduliwa akiwa na miaka 9, akaja kuchukua medali 23 za dhahabu za Olimpiki. Simone Biles wa sarakasi alisema hadharani mwaka 2016 kwamba ana ADHD na anatumia dawa toka mdogo. Msimwambie mtoto lazima awe bingwa lakini, akimaliza la saba anajipenda inatosha.

Mume wangu hataki kusikia, anasema namtafutia mtoto visingizio.

Usibishane naye usiku mtoto anasikia. Wababa wengi wanakataa kwa sababu walikuwa hivyohivyo na walichapwa, na kukubali kuhusu mtoto ni kukubali kuhusu wao. Mpe kazi, sio hoja: "baba fulani, wiki hii homuweki usimamie wewe, mimi nina shughuli". Siku ya tatu atakuuliza mwenyewe daktari yuko wapi. Akikataa bado, mtafute kaka yake au shemeji anayemsikiliza, na wewe endelea na ndoo ndogo na msumari wa sare, havihitaji ruhusa ya mtu.